SOMO LETU: CHAKULA HUGEUKAJE KUWA NGUVU?



Kila msimu wa karafuu huwa tunaona mambo mawili bila ya kuyafikiria sana. La kwanza, mchumaji aliyekula asubuhi hupanda mkarafuu akachuma hadi adhuhuri, lakini aliyepanda na njaa huteremka mapema, magoti yakimtetemeka. La pili, karafuu mbichi zikilala ndani ya gunia usiku kucha, asubuhi ukitia mkono utaziona zina joto, na wala hakuna aliyeziwekea moto. Mambo haya yana asili moja. Leo tutaieleza asili hiyo, kisha tutavuka bahari mpaka Mtwara tukaone msiba uwapatao watu inapozuiwa.

1. Chembe hai

Kila chenye uhai, mtu, ng'ombe, mkarafuu au kuvu, kimejengwa kwa chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho matupu. Chakula tulacho hakiwi nguvu tumboni. Tumboni na katika matumbo huvunjwavunjwa tu. Wanga wa muhogo huwa sukari iitwayo glukosi, nayo huchukuliwa na damu mpaka kwenye chembe. Huko ndiko kazi yenyewe inakofanyika, na hufanyika kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza: glukosi hukatwa vipande viwili. Hatua hii haihitaji hewa, na faida yake ni ndogo.

Hatua ya pili: vipande hivyo huingia katika vyumba vidogo ndani ya chembe viitwavyo mitokondria. Humo huzungushwa na kumenywa kidogo kidogo, na hewa chafu ya kaboni hutoka. Ndiyo hiyo tunayoitoa puani. Mzunguko huu ulielezwa na Hans Krebs mwaka 1937, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953.

Hatua ya tatu ndiyo kubwa. Yale yaliyomenywa katika chakula hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Wa mwisho katika mstari ni kimeng'enya kinachoikabidhi oksijeni tunayoivuta, na hapo hupatikana maji. Katika kupokezana huko hutengenezwa dutu iitwayo adenosini trifosfeti, kwa kifupi ATP.

ATP ni kama fedha za mkononi. Chakula ni kama karafuu ghalani: ni mali kweli, lakini huwezi kulipia nauli kwa pishi ya karafuu, sharti uiuze kwanza. Vivyo hivyo, msuli, moyo na ubongo havipokei glukosi wala mafuta moja kwa moja. Hulipwa kwa ATP. Glukosi moja ikipita hatua zote tatu huleta ATP zipatazo 30. Ikiishia hatua ya kwanza huleta 2 tu. Na mwili hauna akiba kubwa ya fedha hizi: huzitumia na kuzitengeneza upya mchana na usiku, bila kupumzika.

2. Joto la karafuu guniani

Si nguvu yote ya chakula iingiayo katika ATP. Sehemu kubwa hupotea kuwa joto, na ndiyo sababu mwili wa mtu ni wa moto. Karafuu nayo ikishachumwa haifi papo hapo. Chembe zake huendelea kuvuta hewa na kula sukari iliyomo ndani yake. Zikirundikwa, joto halina pa kutokea na hewa huwa haba, ndipo huchacha, zikakauka zikiwa zimepauka na kusinyaa. Basi tunaposisitiza kwamba karafuu zichambuliwe makonyo na kuanikwa mapema, zikitandazwa nyembamba juani, si ushikilivu wa bure. Tunazizuia zisijile zenyewe.

3. Msiba wa Mtwara

Sasa twende Mtwara. Katika kata ya Mpapura, kama katika vijiji vingi vya kusini mpaka Mto Ruvuma, muhogo una heshima kubwa katika chakula. Mihogo michungu hupendwa kwa kuwa hustahimili ukame na wanyama waharibifu hawaipendi. Lakini uchungu wake ni alama ya hatari: ndani mna dutu iitwayo linamarini, nayo huzaa sumu ya saianidi. Mvua zikikosekana, sumu katika mizizi huzidi.

Saianidi hufanya nini mwilini? Humshika yule wa mwisho katika mstari wa ndoo, kimeng'enya kinachoikabidhi oksijeni. Akishikwa yeye, mstari wote husimama. Mtu anavuta pumzi, damu imejaa oksijeni, na chakula kipo, lakini chembe haziwezi kuvitumia. Kichwa humuuma, huona kizunguzungu, hutapika, na sumu ikiwa nyingi hufa.

Mwaka 1988, wakati wa uhaba wa chakula, watu wa Wilaya ya Masasi walidhurika kwa muhogo ambao haukuandaliwa vya kutosha. Njaa ilikuwa imewaharakisha. Badala ya kungojea makopa yakauke kwa siku nyingi, walitumia njia ya mkato iitwayo chinyanya, yaani kutwanga na kuanika kwa muda mfupi tu. Haraka haraka haina baraka, lakini nani atamlaumu mama ambaye watoto wake wanalia?

Uko na ugonjwa mwingine, konzo. Jina hili limetoka katika lugha ya Kiyaka ya Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Huwapata hasa watoto na wanawake waliokula muhogo wenye sumu kwa majuma mengi bila kitoweo cha maana. Ghafla miguu yote miwili hukakamaa, na haiponi tena. Ulizuka Tarime mwaka 1985. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Nampula huko Msumbiji, uliwapata watu zaidi ya 1,000 mwaka 1981. Kati ya miaka 2001 na 2003 ulizuka katika wilaya za Mbinga na Mtwara.

Kwa nini kitoweo? Kwa sababu mwili huiondoa saianidi kwa kutumia salfa itokayo katika protini, kama za samaki, mayai na kunde. Mwenye kula muhogo mtupu hana cha kujikingia.

4. La kufanya

Wanachama wengi tunalima muhogo, basi tuyashike haya:

(a) Mihogo michungu isichemshwe mizima ikaliwa. Muhogo wenyewe una kimeng'enya cha kuitoa sumu, lakini moto hukiua kabla hakijamaliza kazi.

(b) Imenywe, ilowekwe majini siku tatu mpaka ilainike, kisha ianikwe vizuri.

(c) Unga wa makopa usioaminika unaweza kusafishwa. Tia unga mkavu katika beseni, weka alama ulipofikia. Mimina maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukirudi penye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka safi, unene usizidi sentimita moja, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu hutoka ikaenda na hewa. Usonge ugali siku hiyo hiyo.

(d) Kila penye muhogo pawe na samaki au kunde, japo kidogo, na watoto watangulizwe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini karafuu zilizorundikwa hupata joto?
2. Kwa nini mtu aliyepata sumu ya saianidi hupungukiwa nguvu hali damu yake ina oksijeni?
3. Jirani yako anachemsha mihogo michungu mizima na anasema moto huua kila sumu. Utamjibu nini?

Tunawaomba wanachama wanaojua kusoma wawasomee wenzao somo hili, na hasa liwafikie akina mama, maana chungu kimo mikononi mwao.