Mkaguzi Yuko Njiani: Mafunzo Niliyopata Nikilea Watoto Bondeni

Wanaokuja kuniuliza nimewezaje kukaa na kituo cha watoto miaka yote hii hapa Bondeni, Kyela, huwa wanataka habari za ada na uji. Mimi huwaambia waulize habari za ukaguzi, maana hapo ndipo wengi wanapokatia tamaa. Nimewaona wanawake hodari, wenye mikono ya kulea kweli, wakifunga milango kwa kuogopa barua ya wilayani tu.

Wewe huna mpango wa kufunga, najua. Unataka cheti ukitundike ukutani, na wazazi kuanzia Ipinda mpaka Kasumulu walijue jina la kituo chako. Basi nikufupishie njia.

1. Rangi inunuliwe mwisho

Nilipopata taarifa ya ukaguzi wa kwanza nilikimbilia dukani kununua rangi. Sikumuuliza mtu lolote. Nilimwita fundi, tukapaka ukuta bluu, akatuchorea na sungura. Sungura mwenyewe alitoka na masikio ya punda, lakini nilimsifia hivyo hivyo.

Afisa ustawi alipofika hakuutazama ukuta. Alikwenda moja kwa moja chooni, akapima kwa macho upana wa tundu, akauliza mtoto wa miaka mitatu anaweka miguu wapi. Akauliza maji ya kunywa anayachemsha nani, na saa ngapi. Akakitikisa kibuyu chirizi. Kilikuwa kitupu.

Vituo vyetu viko chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake. Anayesajili ni Kamishna wa Ustawi wa Jamii, ila mlango wa kuingilia ni afisa ustawi wa halmashauri yako. Desemba 2021 ilizinduliwa pia Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Wenyewe wanaifupisha PJT-MMMAM, na hata baada ya kufupishwa bado inataka pumzi. Inamhusu mtoto mpaka anapofika miaka 8, na imesimama juu ya mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Nilipoyashika hayo matano, maswali ya mkaguzi yaliacha kuniangukia kutoka mbinguni. Tundu la choo ni usalama, kibuyu ni afya, uji ni lishe. Hata lile la kuniuliza mtoto akilia nafanya nini, ambalo niliona ni la kupoteza muda, lina mahali pake.

Kwa hiyo nenda ofisini kwao mapema, kabla hawajakuandikia, ukaulize wanaangalia nini. Watu wa milimani, Tukuyu huko, wanaweza kuchimba choo popote. Sisi huku ukichimba kidogo tu umeyakuta maji, na masika shimo linafurika. Choo cha Bondeni lazima kiinuliwe juu ya ardhi, na hilo ni jambo la miezi, si la wiki ya mwisho.

2. Watoto si kwaya

Wiki nzima tuliwakaririsha watoto kusimama na kuimba kwa pamoja, "Shikamoo mgeni wetu, karibu kituoni kwetu!" Waliushika wimbo huo vizuri mno. Akija muuza usipa, wanasimama. Akija kijana wa bodaboda na kuni, wanasimama. Alipofika mkaguzi mwenyewe ilikuwa saa ya kulala, na hakuna aliyenyanyua hata kichwa.

Alifurahi. Alisema kituo ambacho watoto wanalala huku mgeni anapita ni kituo ambacho watoto hawana hofu. Tangu siku hiyo sijamfundisha mtoto cha kusema. Mmoja akiulizwa anakula nini hapa, na aseme: jana uji, leo mbalaga, na kwamba Bibi anapiga kelele chumvi ikizidi.

3. Usimfiche mtoto

Hili ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Mpunga ukianza kushika punje, ndege wanashuka, na akina mama wanakwenda kuamia. Wanatoka alfajiri, wanarudi giza limeanza kuingia. Huwezi kumpeleka mtoto mdogo akashinde kwenye maji ya jaruba, kwa hiyo analetwa kwangu, yeye na mdogo wake na wa shangazi yake. Msimu huo kituo kinafurika kupita ukubwa wa chumba na idadi ya walezi. Mwaka mmoja barua ya ukaguzi ikaja katikati ya msimu huo.

Nilifanya hesabu zangu za ujanja. Watoto waliozidi nikawahamishia uani kwa jirani, nyuma ya mikakao, chini ya binti aliyekuja kumsalimia shangazi yake. Nikawaambia tunacheza mchezo wa kujificha.

Mkaguzi akiwa anahesabu mikeka, mtoto mmoja akachomoza kwenye mikakao, magoti yote tope, akasema kwa sauti ya mtoto aliyeshiba: "Bibi, tumechoka kujificha!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitegemea kufokewa, pengine kufungiwa hapo hapo. Yule afisa, ambaye kwa umri ni mwanangu wa mwisho, aliweka kalamu chini.

"Mama, hao wengine wako na nani?"

"Wako na binti, afisa."

"Huko uani kuna maji?"

Kulikuwa na mfereji, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikimbia wote, yeye mbele, mimi kitenge mkononi. Tuliwakuta salama, wanaelesha maganda ya kakao kama mitumbwi ya Matema. Binti alikuwa barabarani anatafuta mtandao wa simu.

Miguu iliniisha nguvu. Kwa kuogopa kuonekana nina watoto wengi, nilikuwa nimewaweka watoto wale wale kando ya maji bila mtu. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba idadi haikumkasirisha mkaguzi. Aliiandika kama hitaji: msimu wa kuamia walezi hawatoshi. Akamwona mtendaji wa kijiji, na msimu uliofuata akina mama wakapangiana zamu, kila siku mmoja anabaki nasi na wenzake wanamwamia shamba lake. Miaka yote nilikuwa nalilia msaada huo kimoyomoyo huku nikiuficha ushahidi wake.

Lile unalotaka kulificha liandike juu kabisa ya karatasi yako. Mkaguzi akiingia, anza nalo.

4. Msaidizi wako anaogopa kuliko wewe

Siku zile za kungoja ukaguzi nilikuwa mkali mpaka kuku walinikwepa. Dada anayenisaidia alikuwa anaunguza wali, jambo ambalo kwa mtu wa Kyela ni karibu na kosa la jinai. Nikamfokea. Baadaye sana ndipo aliponiambia, "Mama, nilidhani tukishindwa nitafungwa mimi, kwa sababu sina cheti." Hakuna aliyekuwa amemweleza ukaguzi ni nini, na wa kumweleza nilikuwa mimi.

Mkaguzi alimuuliza mtoto akishikwa na degedege atafanya nini. Alikuwa anajua, nimemwona akifanya. Lakini kabla ya kujibu alinitazama usoni, na mkaguzi akaona.

Mkalishe chini msaidizi wako, mle pamoja, umweleze nani anakuja na kwa nini. Gawaneni kazi kwa majina. Jioni ya kuamkia ukaguzi mwache aende kwake mapema, na wewe pia uache kudeki. Mimi nilideki usiku, sakafu ikaamka mbichi, na wa kwanza kuteleza nilikuwa mimi mwenyewe.

5. Ijumaa ni ya madaftari

Kuna mwaka nilijaza mahudhurio ya miezi yote kwa usiku mmoja. "Mama," mkaguzi akaniuliza, "kalamu hii haiishi wino?"

Kila Ijumaa watoto wakiondoka, kaa nusu saa: mahudhurio, simu za wazazi, kadi za kliniki, cheti cha afya cha mpishi. Usisahau daftari la anayeruhusiwa kumchukua mtoto. Wazazi wengi wa kwetu wanavuka kwenda Malawi kibiashara na kumtuma yeyote aliye karibu. Mjomba asiyeandikwa arudi mikono mitupu, hata akinuna.

6. Ripoti isome ukiwa umeshakula

Ripoti yangu ya kwanza niliiweka chini ya godoro. Mwenzangu wa kituo jirani ndiye aliyeitoa akanisomea. Mengi yalikuwa madogo, na kila moja lilikuwa na muda wake wa kurekebisha. Niliipeleka kwenye mkutano wa wazazi nikaisoma yote, na nilipofika kwenye hoja ya uzio akina baba wakatazamana. Jumamosi yake walikuja na matete na panga.

Choo cha kuinuliwa bado hakijaisha. Tofali zipo, na fundi amesema mvua ikikatika anarudi. Nimeshamwandikia afisa ustawi kumweleza tumefikia wapi, bila kusubiri aje.