Rasimu ya pili: jinsi ya kumsaidia mtoto na insha ya Kiingereza



Mwanao akirudi na insha iliyojaa maandishi ya mwalimu pembeni, usimgombeze. Wengi wetu tulisoma kwa namna nyingine: unaandika mara moja kwenye daftari, wino mwekundu unashuka, unapewa alama, basi. Wino mwingi ulikuwa aibu. Hapa Birmingham maandishi yale yana maana kwamba kazi bado inaendelea. Shule nyingi humpa mwanafunzi kalamu ya rangi nyingine, ya kijani au ya zambarau, ili arudie sehemu alizoonyeshwa.

Tazama mfano huu nilioutunga. Mwanafunzi ameandika: "Siku ile tuliondoka nyumbani. Ilikuwa siku mbaya. Niliogopa sana." Sarufi haina kosa. Lakini mwalimu ameuliza pembeni: uliona nini? Mtoto anaandika upya: "Mama alimwaga maji kwenye moto kabla maharage hayajaiva. Nilibeba viatu mkononi ili visitoe sauti." Neno "niliogopa" limeondoka, ila sasa msomaji anaogopa pamoja naye. (Mtoto asilazimishwe kuandika habari za vita au kambi. Mada ikiwa safari, safari ya basi kutoka Northfield mpaka mjini inatosha kabisa.)

Katika kurudia, maana itangulie. Kwenye mtihani wa GCSE wa Kiingereza unaotungwa na AQA, swali la kuandika lina alama 40: 24 ni za mawazo na mpangilio, 16 ni za tahajia, sarufi na alama za uandishi. Mtoto anayehangaika na tahajia peke yake anaziacha zile nyingi. Akishapanga mawazo, ndipo asome tena kwa sauti akitafuta makosa yanayotokana na lugha yetu. Sisi tunasema "amekuja" kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kiingereza kinawatenganisha, na watoto wetu huwachanganya katikati ya aya. Pia hatuna vile vineno vidogo, a na the.

Utauliza: mtihani ni wa mara moja, rasimu zina faida gani? Mtoto aliyezoea kuulizwa "uliona nini?" hujiuliza mwenyewe akiwa ndani ya chumba cha mtihani, kabla hajaandika. Na mtihani huu si wa kupuuza: asiyefikia alama ya 4 kwa kawaida huendelea na somo hilo hata akiwa chuoni, akiwa na umri wa miaka 16 hadi 18.

Wewe usiyejua Kiingereza una kazi kubwa hapa. Mwambie akusimulie insha yake kwa Kiswahili. Mahali unapopotea wewe, hapo ndipo rasimu ina tundu. Muulize, kisha akaandike. Usikubali binamu, wala programu ya simu, imwandikie yote. Insha itang'aa, lakini simu haiingii kwenye chumba cha mtihani.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili, alifika Uingereza akiwa mkimbizi mwishoni mwa miaka ya 1960. Alianza kuandika kwa Kiingereza akiwa na miaka 21. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akikaribia miaka 40, na Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliipata mwaka 2021. Kijana wako wa miaka 15 anayelia kwa sababu ya kurasa mbili, msimulie hayo.

Ukija ofisini kwetu kwa mambo ya nyumba au posho, njoo na mtoto, alete rasimu zote mbili, ya zamani na mpya. Asiichane ile ya kwanza. Tutaziweka mezani pamoja, atuonyeshe mwenyewe alichobadilisha na kwa nini.