Elimu ya Miti Humalizikia Shambani

Ndugu mkulima, ulipogawiwa shamba lako katika skimu, huenda kazi ya kwanza ilikuwa kukata miti ili upate nafasi ya mahindi na malisho. Kabla hujaangusha mti uliobaki, soma habari hizi za mwanafunzi mmoja aliyekwenda nchi ya mbali.

Richard St. Barbe Baker alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1889. Mwaka 1909 alikwenda Kanada, akasoma katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan, mjini Saskatoon. Nchi ile ni tambarare yenye upepo mkali. Walowezi waliopewa ardhi walikata miti na vichaka, kisha wakalima kwa plau. Baker aliona upepo ukichukua udongo mzuri wa juu. Alifanya kazi pia katika kambi ya wakata miti, akaona miti mingi ikiharibiwa bure. Ndipo aliposhika nia ya kusomea kazi ya misitu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alisoma elimu hiyo Cambridge, na mwaka 1920 akaja Kenya kuwa ofisa msaidizi wa misitu. Cheti alikuwa nacho, lakini cheti hakipandi mti. Misitu ilikuwa imekatwa mahali pengi, na watumishi wa serikali walikuwa wachache. Basi akashauriana na wazee wa Kikuyu na Chifu Josiah Njonjo. Wakikuyu walikuwa na ngoma za kupanda na za kuvuna. Sasa ikafanywa ngoma ya miti, mwezi wa Julai 1922. Vijana waliojitolea waliahidi kupanda miti 10 kila mwaka na kuitunza. Wakaitwa Watu wa Miti. Chama chao kilienea nchi nyingi, na hata leo kipo kwa jina jingine. Baker alikufa Saskatoon mwaka 1982, siku chache baada ya kupanda mti katika chuo kile kile alichosoma ujanani.

Mafunzo yako ni haya:

1. Panda mstari wa miti unaokingama na upepo. Miti yenye urefu wa futi 30 yaweza kupunguza upepo kwa futi 300 hivi ng'ambo yake. Usiibananishe mno. Upepo kidogo na upite, kwani ukizuiwa kabisa huruka juu na kushuka kwa nguvu shambani.

2. Chimba mashimo kabla ya mvua, upana na kina futi 1½. Weka udongo wa juu kando, uurudishe kwanza penye mizizi. Panda udongo ukiisha kulowa. Palilia, na uwazuie mbuzi.

3. Usipande mikaratusi karibu na chemchemi wala kando ya mto. Hunywa maji mengi.

4. Mwanao akipenda kazi ya misitu, wa kiume au wa kike, asidharau hesabu, biolojia na jiografia. Kenya tuna Chuo cha Misitu cha Londiani. Si lazima aanze ng'ambo. Akienda ng'ambo, mwambie kwamba miti ya huko si ya hapa, wala mvua yake si yetu. Atakaporudi, awaulize wazee majina ya miti ya kwao na kazi zake, autazame udongo, ndipo atoe shauri. Mwenye elimu asiyesikilizana na mwenye shamba hapati miti. Hupata miche iliyokauka.

Maswali ya kuzungumza katika baraza:

Upepo wa kwenu hutoka upande gani wakati wa kiangazi? Katika shamba lako, ni wapi miti 10 yaweza kupandwa bila kupunguza chakula? Nani ataitunza mwaka wa kwanza, ambao ndio mgumu?

Jibuni maswali haya kabla ya mvua kuanza. Ikisha kunyesha, shikeni majembe.