SIMU YA TAJIRI, SIRI YA MFANYAKAZI

Siku hizi wafanyakazi wengi hukabidhiwa na matajiri wao simu za mkononi kwa ajili ya kazi. Twazipokea kwa furaha, maana simu ni ghali. Lakini ni wachache miongoni mwetu waulizao: Je, simu hii humpasha nani habari zetu?

Yafaa tufahamu mambo yalivyo. Mwenye simu aweza kutia ndani yake programu ya kuisimamia. Kwa njia hiyo, akipenda, aweza kujua simu ilipo, usiku na mchana. Tena aweza, akiwa mbali, kufuta vyote vilivyomo, hata picha za watoto wetu.

Wengine husema: Mali ni yake, atazame apendavyo. Neno hili ni kweli nusu tu. Tajiri anayo haki ya kulinda mali yake na siri za wateja wake. Lakini aliyekupa jembe la kulimia shamba lake hakununua na maongezi ya nyumbani kwako.

Jambo hili limekwisha kufika mahakamani. Mwaka 2007 kampuni moja nchini Romania ilimwachisha kazi mtu aliyeandikiana na ndugu yake na mchumba wake kwa mtandao wa kazini, kinyume cha amri ya kampuni. Tarehe 5 Septemba 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa kura 11 dhidi ya 6, iliamua kwamba haki yake haikulindwa. Kwani mahakama za nchi yake hazikuhakikisha kama alionywa mapema kwamba maneno yake yangesomwa, na kwa kadiri gani.

Kwetu Tanzania, Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 16, yahifadhi mawasiliano ya mtu. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka mtu ajulishwe kusudi la kukusanya habari zake.

Basi, tajiri na aandike waziwazi anaona nini, saa zipi, na kwa sababu gani. Na saa za kazi zikiisha, asimfuate mtu. Mfanyakazi naye na aulize kabla ya kutia sahihi, wala asiweke mambo ya nyumba yake katika simu isiyo yake. Hivyo kila mmoja atamheshimu mwenziwe, na kazi itakwenda kwa amani.