Kwa Nini Filamu za Wizi Hupata Wanunuzi

Mtu wa Kasese atakaye kutazama filamu mpya kwa njia ya halali ana safari ndefu. Majumba ya sinema yazionyeshayo yako Kampala, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na nauli yapita bei ya tiketi mara nyingi. Netflix ilifika Uganda Januari 2016, lakini yataka malipo ya kila mwezi na intaneti isiyokatika. Nayo Serikali iliongeza kodi ya asilimia 12 juu ya intaneti mwaka 2021.

Kibanda, lakini, kiko karibu: mabati, mabenchi, pazia zito mlangoni, na televisheni moja. Humo watu hawaulizi sana jina la filamu, bali imetafsiriwa na VJ gani. VJ ni mkalimani. Hueleza kwa Kiganda yote yasemwayo, akitia na mizaha yake. Mzee asiyejua neno moja la Kiingereza hucheka pamoja nasi. Hapo ndipo naona kiini cha jambo. Kitu hicho mwenye filamu hakiuzi. Hata tungekuwa na fedha mkononi, sijaona duka liuzalo kwa halali filamu ya Marekani yenye sauti ya Kiganda, sembuse Kikonzo.

Sheria tunayo. Ile ya Hakimiliki ya mwaka 2006 yakataza kunakili bila ruhusa. Lakini kibanda kikifungwa, watazamaji hawaendi Kampala. Huenda kibanda cha pili.

Wenzangu husema kwamba wizi huu haumdhuru mtu, kwa kuwa Wamarekani ni matajiri. Sikubali. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa filamu yake *Who Killed Captain Alex?* mwaka 2010. Waigizaji wake walitembea nyumba kwa nyumba wakiuza diski, wakishindana na wanakili. Yeye si tajiri. Tena VJ Emmie asikikaye ndani yake aliwekwa na mwenye filamu mwenyewe; basi ukalimani na haki vyaweza kukaa pamoja.

Mwenzangu mmoja wa Bwera anaandika mchezo wa filamu kwa Kikonzo, naye aniuliza atauuzia wapi. Nimemshauri aanze na wenye vibanda wa kwao, waandikiane mkataba wa kugawana kiingilio, kisha avuke Mpondwe mpaka Kasindi na Beni, kwa maana Wanande wa huko watamwelewa bila mkalimani.