Mkasi wa Bustani wa Zamani Usiutupe

Hapa kwetu Singida nyumba nyingi na mazizi mengi yamezungushiwa ua wa minyaa. Mti huu unavumilia ukame, na ng'ombe hawaupendi. Lakini ua usipokatwa unapanuka, unaziba njia na kuficha nyoka. Basi hatuna budi kuukata. Tunaukata kwa chombo gani? Wengi wetu tunachukua panga.

Leo tuzungumze juu ya mkasi wa bustani. Ni ule mkasi mkubwa wa kushika kwa mikono miwili, wenye visu viwili virefu na mipini ya mti. Zamani ulionekana kwenye mashule, misheni na ofisi za serikali, ukikata michongoma. Siku hizi mingi imelala stoo, imeshika kutu. Mnunuzi wa vyuma chakavu akipita, unawekwa kwenye mzani pamoja na sufuria zilizotoboka. Hiyo ni hasara.

Kwanza tutazame hatari ya panga. Mnyaa una utomvu mweupe kama maziwa. Ukipiga panga, utomvu unaruka. Ukiingia machoni, macho yanawaka na kuvimba, na mtu anaweza asione vizuri kwa siku kadhaa. Wengine huumia zaidi ya hapo. Mkasi haupigi, unabana. Tawi linakatika na kuanguka hapo hapo, na mipini mirefu inakuweka mbali kidogo. Hata hivyo utomvu bado unadondoka. Kwa hiyo vaa shati la mikono mirefu, usijipanguse uso kwa mkono, na usisimame kule upepo unakoelekea. Upepo wa Singida tunaujua wenyewe! Watoto wakae mbali. Utomvu ukiingia jichoni, mwaga maji safi mengi mfululizo kwa dakika 15 au zaidi, halafu nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usitie dawa ya majani wala usingoje kesho.

Sasa mkasi wenyewe. Watu husema, "Aa, huu umekwisha, haukati." Kumbe mara nyingi nati ya katikati imelegea tu. Visu vikiachana, majani yanapinda katikati yake badala ya kukatika. Kaza nati kidogo kwa spana. Kisha shika mpini mmoja, uachie wa pili. Ukishuka polepole, imetosha. Ukianguka pu, bado umelegea. Usiposhuka kabisa, umekaza mno.

Kunoa vibaya ndiko kunakoharibu mikasi mingi. Kila kisu kina upande bapa na upande wenye mteremko. Pande bapa ndizo zinazopitana ndani, kama mkasi wa fundi cherehani. Noa mteremko wa nje tu. Tumia tupa, uisukume mbele, ukifuata mteremko ule ule uliotoka kiwandani. Ukinoa pande zote mbili kama panga, visu havitagusana tena, na hapo mkasi utakuwa umekwisha kweli. Mwisho laza upande bapa juu ya jiwe la kunolea, uusugue mara moja au mbili kuondoa vinyuzi vya chuma. Jaribu kwa kukata karatasi. (Gazeti hili limalize kulisoma kwanza.)

Tawi nene kuliko kidole chako cha mwisho ni la msumeno. Ukilazimisha, visu vinapinda au mpini unavunjika. Mpini si neno, seremala wa kijiji atachonga mwingine.

Baada ya kazi, pangusa utomvu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha paka oili kidogo ya mashine. Mkoa wetu ni wa alizeti, na wengine hupaka mafuta hayo. Lakini yakikaa miezi juu ya chuma yananata kama gundi.

Ukikata mwishoni mwa kiangazi, usitupe matawi yote. Chagua yenye afya, yaweke kivulini siku chache mpaka pale palipokatwa pakauke. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, yapande kwenye mapengo ya ua.