Roza ya Ayalandi

Tazama sindano ya kroshe. Haina tundu kama sindano ya kushonea. Ncha yake imepinda kidogo kama ndoana ya kuvulia samaki. Kazi yake ni moja tu: kukamata uzi na kuupitisha ndani ya kitanzi. Katika kitanzi cha kwanza hutoka cha pili, katika cha pili hutoka cha tatu. Kwa hiyo ukisahau kufunga mwisho wa uzi, mtu akiuvuta, kazi ya siku nzima itafumuka.

Leo tutafuma ua lenye majani ya tabaka tatu. Linaitwa roza ya Ayalandi. Ayalandi ni kisiwa cha Ulaya, magharibi ya Uingereza. Kwa nini ua hili lina jina la nchi ile? Sababu ni njaa.

Zamani maskini wa Ayalandi walikula viazi vya kizungu asubuhi na jioni. Wengi hawakuwa na chakula kingine. Mwaka 1845 ugonjwa uliingia mashambani. Majani yaligeuka meusi, na viazi vilioza ndani ya udongo. Njaa ilidumu mpaka mwaka 1852. Watu karibu milioni moja walikufa. Wengine zaidi ya milioni moja walipanda meli wakahama, wengi wao kwenda Amerika.

Wakati ule Masista Waursulina wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, walifundisha wasichana kufuma kroshe. Katika mji wa Clones, upande wa kaskazini, Bibi Cassandra Hand, mke wa mchungaji Mprotestanti, alileta mwalimu wa kazi hiyo mwaka 1847. Kazi iliwafaa maskini. Haikutaka mashini wala meza. Sindano moja na uzi wa pamba vilitosha. Tena ilikwenda upesi kuliko dantela ya sindano ya kushonea, ambayo huchosha macho kwa siku nyingi.

Mwanamke mmoja hakufuma nguo nzima. Huyu alifuma maroza, yule majani, mwingine vishada vya zabibu. Kisha maua yote yalibandikwa juu ya kitambaa na kuungwa kwa wavu mwembamba. Mabibi matajiri wa London na Paris walinunua. Shamba halikuleta kitu, lakini mama na binti zake walipata feza ya kununua unga na kulipa kodi ya nyumba.

Sasa shika sindano. Yafaa kwanza kujua mafundo matatu.

Fundo fupi: ingiza sindano, vuta uzi, utapata vitanzi viwili, vuta uzi ndani ya vyote viwili. Fundo refu: kabla ya kuingiza, zungusha uzi mara moja juu ya sindano. Ingiza, vuta, utapata vitanzi vitatu. Vuta uzi ndani ya viwili, halafu tena ndani ya viwili. Fundo la kati huanza kama refu, lakini uzi unapita ndani ya vitanzi vyote vitatu mara moja.

Fuma mnyororo wa vitanzi 6, uufunge uwe pete. Fuma tena vitanzi 6: vitatu ni nguzo ya kwanza, vitatu ni njia ya kwenda nguzo ya pili. Sasa fundo refu ndani ya pete, vitanzi 3, fundo refu, vitanzi 3, mpaka nguzo ziwe 6. Unga na nguzo ya kwanza. Umepata gurudumu dogo lenye madirisha 6.

Katika kila dirisha fuma fundo fupi, la kati, marefu 3, la kati, fupi. Hilo ni jani moja la ua. Tabaka la kwanza limekwisha.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Usifume juu ya majani hayo! Yainamishe mbele, kuelekea kwako, utazame mgongo wa ua. Pitisha sindano kwa nyuma, uzungushe nguzo iliyo kati ya majani mawili, ufunge kwa fundo fupi. Fuma vitanzi 5, kisha shika nguzo inayofuata vilevile. Sasa nyuma ya ua kuna madaraja 6. Anayetazama mbele hayaoni, lakini tabaka la pili litasimama juu yake. Fuma majani kama kwanza, ila weka mafundo marefu 5 katika kila jani.

Tabaka la tatu ni hivyohivyo. Shika kwa nyuma fundo fupi linalounga madaraja mawili. Madaraja ni ya vitanzi 7, na kila jani lina mafundo marefu 7. Usipunguze vitanzi. Daraja likiwa fupi, majani ya nyuma hujificha, na ua hukunjana kama kikombe.

Wavulana wasicheke. Wavuvi wa ziwa Tanganyika nao wanajua kazi ya uzi na matundu.

Maswali

1. Ua zima lina majani mangapi?
2. Katika majani yote kuna mafundo marefu mangapi? Usihesabu nguzo za gurudumu.
3. Kwa nini madaraja ya tabaka la tatu ni marefu kuliko ya tabaka la pili?